Mwenye Mkono Mwepesi

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya masomo, lakini najijua. Mdomo wangu hauna breki, na leo nimeambiwa maabara si mahali pa mdomo. Basi yatakayonikaa kooni nitayamwaga humu.

Nimeanza mafunzo ya vitendo, wiki kumi na mbili, muhula wa mwisho wa chuo. Hospitali ni ile ile niliyosugua sakafu zake miaka saba. Zamani niliingia kwa mlango wa nyuma, ule wa ndoo na taka. Leo nimeingia kwa mlango wa mbele, koti jeupe limepigwa pasi mpaka linakwaruza shingo. Askari wa getini kanitazama juu mpaka chini, kasema, "Wewe! Ufagio uko wapi?" Nikamwambia nimeumeza. Tukacheka, ila kidogo iliniuma.

Msimamizi wetu ni mkuu wa maabara, yule yule aliyenikuta siku moja nimeegemea dekio nasoma maandishi kwenye chupa. Aliniuliza kama naelewa, nikasema sielewi hata neno, kesho yake akaniletea kitabu. Nilipokimaliza akaleta kingine. Nina miaka thelathini na mbili na mtoto wa miaka tisa, na bila mtu huyu ningekuwa bado nakamua matambara. Lakini asidhani mtu kwamba ni mpole! Hospitali nzima inamwita Bwana Rudia. Jibu lisipomkaa vizuri machoni, hagombi wala haulizi, anasema tu "Rudia," na unaanza kipimo upya hata kama umeshavaa viatu vya kwendea nyumbani.

Wanafunzi tuko wawili. Mwenzangu ni binti wa miaka ishirini na mbili mwenye kucha ndefu nyekundu, kaja na mwavuli wa maua. Nimeshambatiza jina: Kucha.

Bwana Rudia ametuimbisha mambo tuliyoyasoma chuoni mpaka yakachakaa. Kichupa chenye kifuniko chekundu hakina dawa ndani. Damu inaganda, tunapata maji yake ya kupimia chumvi za mwilini. Kichupa chenye kifuniko cha zambarau kina dawa ya kuzuia damu isigande, na dawa hiyo imejaa potasiamu, mojawapo ya chumvi hizo. Jaza chekundu kwanza, zambarau baadaye. Damu ya zambarau isiguse chekundu, hata tone. Sawa, Mwalimu, tumesikia, hatujazaliwa jana.

Na jambo la pili: kosa likishaandikwa kwenye rejista halifutwi, halipakwi wino mweupe, karatasi haichanwi. Unapiga mstari mmoja kosa libaki linasomeka, unaandika iliyo kweli juu yake, unatia saini, tarehe na saa. Sisi wanafunzi saini hatuna. Kila tunachokifanya anasaini yeye. Mchana nilikosea namba moja, nikapiga mstari wangu mzuri, nikaweka tarehe, nikampelekea asaini. Akatazama, akasema, "Umesahau saa." Ebo! Wakati wino haujakauka!

Jumanne, 5 Machi

Mvua imeanza. Nimehesabu chembe za damu mpaka nikifumba macho naziona.

Ijumaa, 8 Machi

Kucha ameambiwa akate kucha. Kaenda chooni kulia, karudi zimekatwa. Jina limebaki.

Jumatano, 13 Machi

Mvua siku ya tisa. Paa letu linavuja juu ya kitanda changu na mwanangu, tumehamia chumba cha Mama, tunalala watatu kama samaki kwenye kopo. Mama amewatangazia majirani wote kwamba mimi ni daktari wa damu. Nimemweleza mara ngapi kwamba mtu wa maabara si daktari! Leo jirani kaniletea mtoto anayetoka damu puani. Nikamwambia amkalishe, ainamishe kichwa mbele, abane pua. Damu ikakata yenyewe, Mama akanitazama kama nimefufua maiti.

"Unaona? Na bado hujamaliza chuo," akasema.

Miaka saba alinifulia sare ya usafi na hakuwahi kunitazama hivyo. Sikumsahihisha tena.

Jumanne, 19 Machi

Leo nimepelekwa wodi ya wanawake kutoa damu. Kitanda cha kumi na mbili kuna bibi mmoja mgonjwa wa figo, mwembamba, mikono yote ina alama za sindano. Kila wiki anapimwa chumvi za damu. Wauguzi waliniambia, "Huyo hana mshipa, utachoka bure." Nikamfunga mpira mkononi, nikapapasa taratibu kwa kidole, nikaupata mmoja karibu na kidole gumba. Nikachoma mara moja tu, damu ikaja.

"Umeshamaliza?" Bibi akaniuliza.

"Nimeshamaliza, Bibi."

"Mbona sikusikia kitu! Mjukuu wangu, una mkono mwepesi wewe. Kuanzia leo simtaki mwingine."

Akaigeuza mikono yangu, akaitazama viganja. Vina sugu za miaka saba ya dekio. Akasema mikono kama hiyo ndiyo inayojua kazi. Nimetembea korido nzima kichwa kimevimba, nusura nigonge mlango.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Dari la stoo limeota ukungu. Wodini wananiita "yule mwenye mkono mwepesi". Nimewakataza kwa mdomo tu.

Jumatano, 27 Machi

Jana nilikuwa na mtihani chuoni, kwa hiyo Kucha ndiye aliyemtoa Bibi damu. Kamchoma mara tatu! Bibi alilia mpaka wagonjwa wengine wakaingilia. Leo nimemkuta mkono umevimba, ananishika koti: "Usiniache tena na yule mtoto, mjukuu wangu. Ananitoboa kama nguo kuukuu."

Nilimcheka Kucha mbele ya watu. Nikamwuliza kama alikuwa anatafuta damu au anachimba kisima. Akasema, "Dada, mara ya kwanza ilitoka kidogo, haikutosha. Ningefanyaje?"

"Ungejifunza kuchoma," nikamjibu.

Nasoma nilichoandika, naona nilikuwa mkali. Lakini kweli, kama huna mkono huna tu.

Jumanne, 2 Aprili

Siku ya kuchosha kuliko zote. Mvua imepiga tangu alfajiri, njia ya kuelekea wodini ni mto, tumevuka tumeshika viatu mkononi. Umeme umekatika mara mbili, jenereta ikakohoa na kuzima, mashine ya chumvi za damu ikajiwasha upya katikati ya kazi. Sampuli zilijipanga mezani kama watu wanaongoja maji.

Bibi wangu alikuwa mdogo leo, amejikunja, midomo imekauka. Wodini giza, natafuta mshipa kwa kupapasa tu. Nikaupata kwa mara ya kwanza, kama kawaida yangu. Katika ile haraka nilijaza cha zambarau kwanza, kikajaa vizuri, nikahamia chekundu. Kufika robo, mshipa ukanywea. Nikageuza sindano kidogo, hakuna. Bibi akafumbua macho: "Usinichome tena, mjukuu wangu. Wewe huwa hunichomi mara mbili."

Ningemchoma kwa moyo gani? Cha zambarau kilikuwa kimejaa hadi juu, na kinachotakiwa ni kidogo tu. Nikafungua vifuniko, nikamimina kutoka cha zambarau nikaongezea chekundu mpaka kikajaa, nikafunga. Mtu ni yule yule, mkono ule ule, damu ile ile, imetoka dakika ile ile. Bibi akanishukuru. Nikafika maabara nimelowa chapachapa, nikaweka kichupa kwenye foleni.

Potasiamu yake ilitoka juu sana, nane nukta tatu. Wiki iliyopita ilikuwa nne na ushee. Karatasi ya pili, ya kalsiamu, haikutoka, umeme ulikatika tena. Bwana Rudia alikuwa na rundo la karatasi mkononi, daktari wa wodi amesimama mlangoni anaulizia za mgonjwa wake. Nilijua atasema neno lake, nikaanza kuvaa glavu.

Akauliza, "Huyu nani kamtoa?"

"Mimi, Mwalimu."

"Haya," akasema, akasaini.

Hakusema rudia! Tangu nianze, ni mara ya kwanza. Daktari kachukua karatasi mbio. Nimechoka, miguu inaniuma, ila nimekuja nyumbani nacheka peke yangu njiani.

Jumatano, 3 Aprili

Bibi haamki. Jana mchana walimpa insulini na maji ya sukari ili kuishusha ile potasiamu isije ikasimamisha moyo, na alfajiri muuguzi alimkuta wa baridi, ametota jasho, sukari imeanguka mpaka kipimo hakisomi. Wamempa sukari. Haamki.

Nimepita pale mara mbili. Binti yake, mama wa makamo, alikuwa amekaa kitandani anamsugua nyayo.

Alhamisi, 4 Aprili

Asubuhi Bwana Rudia alituita mezani, mimi na Kucha. Alikuwa na karatasi tatu. Ya kwanza ni ile aliyoisaini juzi. Ya pili ni ile iliyokwama umeme ulipokatika. Mashine iliitoa jana na hakuna aliyeiangalia mpaka leo. Ya tatu ni ya damu mpya aliyoitoa yeye mwenyewe kwa Bibi jana jioni, na humo potasiamu iko chini, chini mno.

Akaweka kidole kwenye karatasi ya pili. Kalsiamu: sifuri nukta tisa.

"Mtu mwenye kalsiamu hii angekuwa anatikisika kitanda kizima," akasema. "Juzi alikuwa anaongea. Potasiamu juu, kalsiamu imeanguka, vyote kwa pamoja. Mnajua maana yake nini?"

Kucha akajibu polepole, "Ni ile dawa ya kichupa cha zambarau, Mwalimu. Inaongeza potasiamu, inakamata kalsiamu."

Sijui niandikeje. Nilijua kabla hajamaliza kusema. Niliona mikono yangu ikifungua vile vifuniko viwili. Nilikariri jambo lile, nikalifanyia mtihani, nikapata alama zote, na siku ya siku nikamimina.

Bwana Rudia akanigeukia. Hakupandisha sauti. "Damu ilitoka vizuri?"

"Vizuri, Mwalimu."

"Ilitosha?"

"Ilitosha."

Ilitoka yenyewe, kabla sijaifikiria. Kucha alinitazama mara moja akainamisha macho. Bwana Rudia akasukuma fomu ya tukio mbele yangu, akasema, "Andika." Nikaandika: Damu ilitoka vizuri na ilitosha. Hata mkono haukutetemeka, mkono wangu mwepesi. Akakaa na fomu ile muda mrefu, akasaini chini yake.

Ijumaa, 5 Aprili

Bibi amefariki saa tatu asubuhi.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimefungua ukurasa wa tarehe nne Machi. Yameandikwa kwa mwandiko wangu. "Hata tone." Na chini yake nimeandika hatujazaliwa jana. Nilichukua mkasi nikate ukurasa wa tarehe mbili Aprili. Mwanangu akauliza, "Mama, unakata nini?" Nikamwambia nakata uzi, nikaurudisha mkasi.

Jumatatu, 8 Aprili

Wamemsimamisha kazi Bwana Rudia. Mganga mkuu wa hospitali alikuja mwenyewe. Majibu yamekosewa, mgonjwa amepewa dawa isiyomhusu, na saini ni yake. Kamati itakaa tarehe ishirini na mbili. Ameuliza kama kuna la kuongeza, Bwana Rudia akasema hapana. Akakunja koti lake mara nne, akaliweka mezani, akachukua kopo lake la sukari ya chai, akatoka kwenye mvua bila mwavuli. Kucha akamkimbilia na ule wa maua.

Mimi nilibaki nimeshika beseni la vichupa. Mtu huyu amebakiza mwaka mmoja astaafu, na anamwaga unga kwa sababu yangu.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua. Nimemwona Kucha akimchoma mgonjwa mara mbili. Cha kwanza kilitoka kidogo, akakitupa, akaomba radhi, akachoma tena. Mgonjwa kamtukana. Yeye akamshukuru, akaandika lebo.

Ijumaa, 12 Aprili

Silali. Chakula nakitafuna hakishuki.

Jumatatu, 15 Aprili

Binti wa Bibi amekuja dirishani kuchukua karatasi za marehemu. Nilitaka kujificha stoo, lakini nilikuwa peke yangu. Kavaa nguo nyeusi, viatu vimejaa tope. Nikampa bahasha.

"Ndiwe wewe mwenye mkono mwepesi?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mama alikuwa akikutaja kila siku. Alisema hospitali nzima ni wewe tu usiyemwumiza." Akanishika mkono kupitia tundu la dirisha. "Asante, mdogo wangu. Wengine hawakujali."

"Pole sana, Dada," nikasema.

Alipoondoka nilikaa sakafuni, ile ile niliyoisugua, nikalia mpaka Kucha akanikuta. Akakaa karibu yangu na koti lake jeupe kwenye unyevu. Baadaye akasema, "Dada, siku ile nilikuona umeweka kichupa chekundu. Damu yake haikuwa imeganda vizuri. Niliiona, nikadhani ni baridi. Na mimi nilinyamaza." Analia yeye kuliko mimi. Huyu ndiye niliyekuwa namcheka.

Jumanne, 16 Aprili

Nimemwambia Mama. Alikuwa anachambua mboga, hakuacha kuchambua.

"Nani mwingine anajua?"

"Mwenzangu anahisi. Wengine hakuna."

"Basi funga mdomo."

"Mama, watamfukuza!"

"Yule ni mtu mzima, ameshafanya kazi miaka yote, ameshajenga. Wewe umejenga nini? Ukisema, bibi wa watu atafufuka?" Akanitazama sasa. "Mimi nimefua sare yako ya ufagio miaka saba. Mikono hii. Nilikuwa naifua nikisema, huyu mtoto atakufa na ndoo. Usinirudishe huko, mwanangu. Nakuomba."

Sijawahi kumsikia Mama akiniomba kitu. Nilitoka nje nikasimama chini ya paa. Nilimchukia kidogo. Halafu nikaona kwamba alichokisema ndicho nilichokuwa nakifanya siku kumi na mbili nzima, yeye kakitamka tu.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimekwenda kwa Bwana Rudia baada ya kazi. Nyumba yake ni ndogo kuliko nilivyodhani, na inavuja. Ameweka masufuria manne sebuleni, kila moja linalia kivyake. Alinifungulia, akarudi kukaa. Hakuniambia karibu.

Nikabaki nimesimama. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, yakapotea yote. Nikasema, "Mwalimu, haikutosha. Niliongezea kutoka cha zambarau."

"Kiasi gani?"

"Robo tatu."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu la hesabu. "Nilikisia nusu," akasema.

"Ulijua?"

"Tangu nilipoona kalsiamu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Nilikisia. Wewe uliniambia ilitosha, ukaandika. Mimi kwenye karatasi ya kazi siandiki nilichokisia." Akainuka, akamwaga sufuria moja nje, akarudi. "Nilidhani utakuja siku ile ile jioni. Halafu nikasema kesho. Nimeacha kungoja juzi."

Nikapiga magoti pale pale kati ya masufuria. Nikamwomba radhi. Akasema niinuke, nisimlowanishie mkeka.

"Kosa lako lilikuwa la dakika moja," akasema. "Wote tumewahi kuwa na dakika kama hiyo. Kulificha umelificha siku kumi na nne, kila asubuhi upya. Hilo mimi sikukufundisha." Akasogeza sufuria moja kwa mguu. "Na mimi nina langu. Potasiamu imepanda mara mbili ndani ya wiki, nikauliza nani katoa, nikasikia ni wewe, nikasaini. Angekuwa yule mwenzako ningesema rudia. Nilikuonea fahari. Bibi yule amelipia fahari yangu pia."

Nikamwuliza lile ninalojiuliza kila siku, kama ni sisi tuliomuua.

"Figo zake zilikuwa zinakwisha," akasema. "Lakini sukari ndiyo iliyomwangusha, na sukari ilishushwa na karatasi yetu. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa ili upate usingizi."

Alinifungulia mlango. Nikamwuliza nifanye nini. Akasema kamati inakaa Jumatatu saa nne, na mlango wake ulipo napajua, maana nimeufuta vumbi miaka saba.

Jumapili, 21 Aprili

Nimepiga pasi koti. Mama kanitazama, hajasema neno tangu asubuhi. Mwanangu kauliza kama kesho ni mtihani. Nikasema ndiyo.

Jumatatu, 22 Aprili

Uamuzi nauandika kwanza, maana ni mfupi. Bwana Rudia amerudishwa kazini na barua ya onyo kwa kusaini bila kurudia. Mimi nimeondolewa kwenye mafunzo kuanzia leo, na jina langu limepelekwa chuoni. Huko watakata shauri wenyewe. Mwenyekiti ameniambia nisijipe matumaini.

Sasa niandike ilivyokuwa.

Walikuwa watano nyuma ya meza ndefu. Bwana Rudia amekaa pembeni, bila koti, na shati la nyumbani lililomfanya aonekane mgeni. Sikujua kwamba watu wa marehemu wanaruhusiwa kuingia. Binti wa Bibi alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, aliponiona akanipa tabasamu dogo la kunitia moyo.

Nilisema yote nimesimama. Nilileta daftari hili, nikawasomea ukurasa wa tarehe mbili Aprili kama ulivyo, na kule kucheka peke yangu njiani. Sauti ilikatika nilipofika pale Bibi aliposema mimi huwa simchomi mara mbili. Nikajikaza kisabuni nikamaliza.

Binti wa Bibi ndiye aliyeanza. Hakupiga kelele. "Uliniambia pole," akasema. "Nilikushika mkono, ukaniambia pole."

"Ndiyo, Dada."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akajifunika uso kwa mtandio, akatoka. Hilo nitakuwa nalo maisha yangu yote, na ni haki yangu niwe nalo.

Mwenyekiti akaitoa ile fomu ya tukio kwenye faili. Akasema hii sasa si ya kweli, ichanwe, niandike nyingine safi, katibu anipe karatasi. Nikamwambia hapana, samahani, mezani kwetu hatuchani. Wakatazamana. Bwana Rudia alikuwa anatazama sakafu.

Nikaomba kalamu. Nikaweka fomu mbele yangu. Damu ilitoka vizuri na ilitosha. Nikapiga mstari mmoja katikati ya maneno hayo, yabaki yanasomeka. Juu yake nikaandika: Haikutosha. Niliongeza robo tatu kutoka kichupa cha zambarau, nikaficha. Katibu akasema mwanafunzi hasaini, anasaini msimamizi. Lakini msimamizi alikuwa amesimamishwa, saini yake haikuwa na nguvu, na mimi sikutaka aweke tena jina lake chini ya la kwangu. Nikasaini mwenyewe. Mara ya kwanza katika maabara ile, na ya mwisho. Nikaweka tarehe.

Nikaisukuma fomu kuelekea kwa mwenyekiti. Ilipopita mbele ya Bwana Rudia, akanyoosha mkono, akaizuia kwa vidole viwili. Akaisoma toka juu mpaka chini, taratibu, kama anavyosoma jibu lolote. Kisha akanirudishia.

"Umesahau saa," akasema.

Nikatazama saa ya ukutani, nikaandika: saa tano na dakika kumi asubuhi.